Kombe la Kununa

Kuna familia zikigombana huvunja vyombo. Nyingine hupigiana kelele mpaka majirani wazime redio wapate kusikia vizuri. Kwetu tunanuna. Tunanuna kwa ustadi kiasi kwamba klabu ya gofu ya mji wetu ina kombe letu kwa sababu hiyo, ingawa kwa miaka mingi hakuna aliyejua kwamba hiyo ndiyo sababu.

Jina lake rasmi ni Kombe la Kumbukumbu la Dereva. Dereva ni babu yangu mzaa baba, aliyeendesha treni mpaka akastaafu, na aliyecheza gofu kila Jumamosi kwenye uwanja wetu mdogo wa mashimo tisa, ambao inabidi uuzunguke mara mbili ndipo mchezo utimie. Wanachama wenyewe wanaliita Kombe la Kununa. Huchezwa mara moja kwa mwaka, na wanaocheza ni watu wawili wawili wanaoishi nyumba moja: mume na mke, ndugu na ndugu, mama na mwanawe. Wawili hao wana mpira mmoja na wanapokezana. Wewe unapiga, mwenzako anapiga kutoka pale ulipouacha, hata kama umeuacha kichakani. Hilo linafanyika kwenye klabu nyingi. La kwetu peke yetu ni sharti la pili: tangu pigo la kwanza mpaka mpira uingie kwenye shimo la mwisho, wenzi hawaruhusiwi kusemezana. Ukimwambia mwenzako "pole" tu, mmetolewa.

Watu wanalipenda sana. Mwoka mikate wa mtaani kwetu husema ndiyo siku yake ya mapumziko, na mkewe husema vivyo hivyo, kwa sauti kubwa zaidi.

Sharti hilo aliliweka shangazi yangu, mwalimu mkuu mstaafu na katibu wa klabu, babu alipofariki. Baba yangu, mdogo wake, alikubali kama anavyokubali kila kitu cha dada yake. Maelezo ya shangazi tunayajua kwa moyo, maana huyatoa kila mwaka kabla ya kugawa zawadi: kwamba alipokuwa mtoto aliwaona baba yake na mama yake wakizunguka uwanja mzima bila kusema neno, wakashinda, na nahodha wa klabu wa wakati ule akasimama akasema hajawahi kuona watu wanaoelewana namna hii. Hapo shangazi hutafuta leso. Kwa mwanamke aliyewatetemesha wanafunzi wa shule nzima kwa kukohoa tu, leso ile ni jambo kubwa.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, mimi na mume wangu hatukuhitaji sharti. Tulikuwa tumeshaanza mazoezi nyumbani.

Mimi ni mpima macho. Nina duka la miwani karibu na stendi, chumba cha mbele cha fremu na chumba cha nyuma cha kupimia, chenye kiti kimoja, taa ya kuinamisha na bango la herufi ukutani. Mume wangu ni fundi wa lifti. Mwezi mmoja kabla ya mashindano, mfanyakazi mwenzake alikuja kupimwa. Nilikuwa nimemvalisha ile fremu nzito ya majaribio, namwekea lenzi moja namtolea nyingine, namuuliza, "Hii au hii?" Akasema, "Hii. Halafu hongera, shemeji. Miaka miwili si mingi, mtaona inavyokatika."

Nikamuuliza hongera ya nini. Jamaa akajua ameharibu, lakini mtu aliyevaa fremu ile hawezi kukimbia. Akanieleza yote. Kampuni yao ilikuwa imepata kazi ya kufunga lifti kwenye majengo mapya ya mji mwingine, mbali, safari ya siku nzima, na mume wangu ndiye aliyechaguliwa kusimamia. Alikuwa ameshakubali. Angeondoka Jumanne ya baada ya mashindano.

Nilimaliza kumpima yule bwana. Miwani yake ilitoka sawasawa, na hilo najivunia mpaka leo. Kisha nikafunga duka, nikaenda nyumbani, nikanuna.

Asiyejua kununa hudhani ni kukaa kimya tu. Siyo. Kununa ni kazi. Chakula kinaivishwa kwa wakati na kinakuwa kitamu zaidi kuliko siku zote, ili mtu asipate pa kulalamikia. Ukisalimiwa unaitikia. Ukiulizwa unajibu "sawa", au "kama unavyoona". Alipojikaza kisabuni akaniambia habari ya safari, siku mbili baadaye, nikamwambia, "Nimesikia."

"Umekasirika?"

"Sijakasirika."

"Una uhakika?"

"Kwani nimesema nimekasirika?"

Tukaishi hivyo wiki zote zile. Alitoa sanduku juu ya kabati, nikalifuta vumbi. Akatenga mashati ya safari, nikayapiga pasi. Moyoni nilikuwa naungua. Nilimpenda, nilimwonea hasira, na kila jioni nilingoja aje akae pembeni yangu aseme, "Nisamehe, nilipaswa kukuuliza." Hakuja. Naye sijui alikuwa anangoja nini.

Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano, nilikwenda kwa bibi kung'arisha kombe. Wiki ya mashindano kombe hulala nyumbani kwake, na ni mimi humsaidia, maana vidole vyake havikazi tena. Tulitandika magazeti kwenye meza ya sebuleni, tukafungua dirisha ili harufu ya dawa ya kung'arishia itoke. Bibi alikuwa mkunga maisha yake yote ya kazi, na hata leo akishika kitu anakishika kwa mikono miwili, chini na juu, kana kwamba kitateleza.

"Mke mwenzangu," akaniita. Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, kwa kuwa mjukuu ni mke wa babu. "Mume wetu yuko wapi siku hizi? Haji kunisalimia."

"Yupo. Anajiandaa na safari yake."

"Na wewe umesemaje kuhusu hiyo safari?"

"Sijasema kitu."

"Kitu chochote?"

"Yeye ana macho, bibi. Anaona nilivyo."

Bibi akaacha kusugua. Akanitazama muda mrefu, juu ya miwani ambayo nilimtengenezea mwenyewe na ambayo hataki kuitumia inavyotakiwa.

"Hebu funga huo mlango," akasema.

Nikaufunga, japo hatukuwa na mtu mwingine nyumbani.

"Unamjua vizuri shangazi yako?"

"Nani asiyemjua shangazi?"

"Alikulia wapi?"

Nilijua. Wote tunajua. Alikulia mji mwingine, kwa dada yake babu, ambaye hakujaliwa mtoto. Kwetu lilisemwa kama jambo la kawaida, kama vile mtu anavyosema fulani alisoma shule ya bweni. Dada alikuwa mpweke, kaka akampa mtoto wa kumlea. Shangazi alirudi akiwa mtu mzima, na cheti cha ualimu mkononi.

"Babu yako hakuniuliza," bibi akasema. "Dada yake alikuja kututembelea, akalia mezani, babu yako roho ikamwuma. Akamwambia, mchukue mkubwa. Mimi nilikuwa zamu ya usiku. Niliporudi asubuhi nikaambiwa nimtengenezee mtoto nguo, ataondoka mwisho wa mwezi."

"Ukasema nini?"

"Nikanuna."

Alilisema neno lile taratibu, bila tabasamu.

"Mwezi mzima. Wodini nilikuwa nawapigia kelele wanawake mchana kutwa, sukuma, pumua, usilale! Nikifika nyumbani, mdomo unajifunga. Nilimpikia, nilimfulia, sikumsemesha. Nikasema moyoni, huyu si mjinga, ataona. Ataona jinsi nilivyo, atakwenda mwenyewe kumwambia dada yake kwamba imeshindikana. Halafu ikafika siku ya mashindano ya wawili wawili ya klabu, na majina yetu yalikuwa yameshaandikwa ubaoni. Tutafanyaje? Tukaenda, tusije tukajiaibisha. Mpira mmoja, watu wawili wasiosemezana. Kila nikipiga, nilipiga kwa hasira ili asije akasema mimi ndiye ninayeharibu. Naye vivyo hivyo. Mke mwenzangu, hatukuwahi kucheza vizuri namna ile, wala hatukucheza hivyo tena. Tukashinda. Shangazi yako alikuwa amekaa ukutani pale klabu, na viatu vipya, vile vya safari. Anatupigia makofi."

Nikaweka kitambaa chini. Nilikuwa nimeanza kuelewa, na sikutaka.

"Nahodha akasimama akasema, tazameni watu wanaoelewana. Wakatupiga picha sisi watatu. Wiki iliyofuata mtoto akaondoka."

"Na babu?"

"Nilikuja kumwuliza baadaye sana, tumeshazeeka. Nikamwambia, uliwezaje? Akashtuka. Akashtuka kweli, nilimwona. Akaniambia, 'Hukusema kitu. Nikajua umeridhika.'" Bibi akaokota kitambaa chake, akakikunja, akakikunjua. "Hakuwa mtu mbaya. Ndicho kinachoniuma mpaka leo. Angekuwa mbaya ningemlaumu nikapumzika."

"Mbona hukwenda kumchukua?"

"Nilikwenda likizo ya kwanza. Ananiita mama, na yule anamwita mama. Ameshapata marafiki, ameshajua njia ya shule. Nikamsuka nywele, nikarudi."

Nikamwuliza kwa nini aliacha basi kombe liwe na sharti lile, kwa nini alikaa kila mwaka pale kwenye veranda akiwatazama watu wanafanya mchezo kitu kilichomnyang'anya mwanawe.

"Ningemwambia nini? Siku ile kwake ndiyo siku ya mwisho aliyotuona uwanjani pamoja, tukiwa, anavyodhani yeye, tunapendana bila maneno. Hiyo ndiyo picha aliyokwenda nayo. Na wewe usije ukamwambia." Akanisogezea kombe. "Nimekwambia wewe kwa sababu mume wako anaondoka Jumanne, na wewe unampigia mashati pasi."

Sikujibu. Tulimaliza kung'arisha, nikaosha mikono, nikamuaga. Ningependa kusema nilikwenda nyumbani moja kwa moja nikamwambia mume wangu yote. Sikufanya hivyo. Nilifika, nikamkuta anafunga zipu ya sanduku, hasira ikanipanda upya, nikamwuliza kama atakula sasa au baadaye. Akasema sasa. Tukala. Kununa ukishakuzoea hakuachiki kirahisi. Ni kama kiatu kibaya ambacho mguu umeshakifuata.

Jumamosi ilikuwa na jua la wastani na upepo kidogo. Tulipangwa kucheza pamoja na mwoka mikate na mkewe, wao wakitushuhudia sisi na sisi tukiwashuhudia wao. Bibi alikuwa ameshawekwa kwenye kiti chake cha veranda, na blanketi magotini. Shangazi alikuwa mezani, amevaa suti ya bluu, orodha mbele yake, kombe kando. Tulimwamkia. "Marahaba," akasema, "na sasa mnyamaze."

Tulicheza vizuri kupita kiasi. Mume wangu alipiga pigo la kwanza, mpira ukaenda mbali na ukanyooka, nikapiga la pili ukatua karibu na bendera, akausukuma ukaingia. Shimo la pili, vivyo hivyo. Mimi sina historia ya kucheza namna hiyo. Mkono wangu siku za kawaida unajua kupima umbali wa mboni na mboni, siyo umbali wa uwanja. Lakini kila nilipoinua fimbo nilikuwa najiambia, hatapata sababu ya kunilaumu huyu, hata moja. Nikimtazama naye, naona taya limekaza. Ilikuwa raundi ya pili ndipo nilipogundua kwamba nacheza mchezo wa bibi. Kila pigo. Nilijua hivyo, na bado nikaendelea, maana nilikuwa nacheza vizuri.

Mwoka mikate na mkewe walitutazama kwa heshima. Wao mpira wao ulikuwa umeshatembelea kila mtego wa mchanga na kila mtaro.

Kwenye shimo moja kabla ya la mwisho, mpira wetu ulikuwa mbali, nyuma ya mti mwembamba. Ilikuwa zamu yangu. Nikautoa pale kwa pigo ambalo sitalipiga tena hata nikiishi mara mbili: ukapita kando ya mti, ukadunda, ukaviringika polepole mpaka karibu na shimo. Nikageuka. Mume wangu alikuwa ananitazama na anatabasamu.

Nalijua tabasamu lile. Si la mtu aliyefurahia mchezo. Ni la mtu aliyesamehewa. Lilikuwa tabasamu la mtu anayejiambia, haya basi, yamekwisha, mwenzangu ameridhika, naweza kwenda kwa amani.

Mwoka mikate alikuwa ameinua fimbo apige.

"Fundi," nikasema. "Sitaki uende."

Mwoka mikate akaukosa mpira, akakata majani. Mkewe akashika kinywa. Mume wangu akaweka kidole mdomoni kuninyamazisha, macho yamemtoka, kana kwamba nimeanza kuvua nguo hadharani.

"Usininyamazishe," nikamwambia. "Sitaki uende. Sikutaka tangu siku ya kwanza. Ulikubali bila kuniuliza, nikaja kuambiwa na mtu aliyevaa fremu yangu ya majaribio, nikabaki namwuliza 'hii au hii' na moyo unanipasuka. Umeniumiza. Na Jumanne sitaki uende."

Akawatazama akina mwoka mikate, akanitazama mimi.

"Tumeshatolewa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Tumetolewa."

"Basi na mimi niseme." Akaiegemeza fimbo yake kwenye begi. Alikuwa anatetemeka kidogo, mtu mzima yule anayening'inia juu ya mashimo ya lifti bila kupepesa. "Sikukuuliza kwa sababu niliogopa. Nilijua ukisema usiende, sitaenda, na kazi niliitaka. Nilikosea, daktari. Nisamehe. Halafu ukanyamaza! Wiki zote hizi nangoja unigombeze. Ungenigombeza ningejua pa kuanzia. Badala yake unanifutia sanduku vumbi, unanipigia mashati pasi. Nikasema basi, ameridhika, labda hata anataka niende."

"Nilikuwa nayapiga pasi kwa hasira!"

"Mashati hayasemi."

Mke wa mwoka mikate akacheka, akajifanya anakohoa.

"Na sasa unaitaka?" nikamwuliza. "Hiyo kazi."

"Kazi naitaka. Miaka miwili bila wewe siitaki. Nimekuwa nikilala nikiliwaza hilo." Akasugua uso kwa viganja. "Jumatatu nitakwenda ofisini. Nitawaambia naweza kwenda wiki chache za kuanzisha, kisha nirudi. Wakikataa, basi, nabaki na lifti za hospitali ya hapa."

"Watanuna."

"Nimeshazoea kununiwa," akasema, na hapo nikacheka mpaka machozi, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake.

Akausukuma ule mpira uliokuwa karibu kabisa na shimo. Akaukosa. Shimo la mwisho tuliongea njia nzima, na tulicheza ovyo kabisa. Nikaupeleka mchangani, akautoa mchangani akaupeleka mchanga wa pili. Hata hivyo, tulipojumlisha, tulikuwa bado tunaongoza. Mwoka mikate akatazama karatasi, akamtazama mkewe.

"Sisi hatujasikia kitu," mkewe akasema. "Tangu asubuhi hatujasikia hata ndege. Au siyo, baba?"

"Ndege gani?" akasema mwoka mikate.

Tuliwashukuru. Lakini pale mezani kuna utaratibu. Kabla ya kupokea karatasi yenu, shangazi huwatazama wote wawili usoni na kuuliza, "Mmesema?" Nanyi mnajibu kwa pamoja, "Hatukusema." Ndipo anapoandika.

Wanachama walikuwa wamejaa kwenye veranda, chai mkononi. Habari kwamba tunaongoza ilikuwa imeshafika, na shangazi uso ulikuwa unang'aa. Watu wa familia hawakuwa wamewahi kushinda tangu kombe lianzishwe.

"Mmesema?" akauliza, na kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Tumesema," nikajibu.

Akatabasamu. "Acha utani, watu wanangoja."

"Si utani, shangazi. Tumesema sana."

Shangazi akaiweka kalamu chini, na nilimwona anavyoumia, jinsi kidevu kilivyorudi nyuma. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kombe la babu yenu," akasema. "Wageni wanaliheshimu. Wageni! Ninyi damu yake mnashindwa kufunga midomo asubuhi moja? Mlikuwa na neno gani kubwa hivyo lisiloweza kungoja?"

"Aliniambia nisiende, shangazi," mume wangu akasema. "Lingengoja, ningekuwa nimeshaondoka."

Shangazi alimgeukia bibi, kama mtoto anayeshtaki. "Mama, waambie. Waambie mlivyozunguka uwanja huu wewe na baba, bila neno. Hamkuhitaji maneno ninyi. Mlikuwa mnaelewana."

Nikamtazama bibi. Nilikuwa nimemwahidi kwa kunyamaza, na ningenyamaza mpaka kaburini. Bibi alikuwa ananitazama mimi, kisha mume wangu, kisha mikono yetu ambayo sikujua kwamba ilikuwa imeshikana. Akaliondoa blanketi magotini.

"Hatukuwa tunaelewana," akasema. "Nilikuwa nimemnunia."

"Mama?"

"Nilimnunia mwezi mzima kwa sababu yako. Alikupeleka kwa dada yake bila kuniuliza. Mimi sikutaka. Nikanyamaza nikidhani anaona. Baba yako akadhani nimekubali. Tulishinda siku ile kwa hasira, mwanangu, siyo kwa kuelewana."

Shangazi alisimama pale, mkono mmoja juu ya kombe, mwanamke mwenye mvi na suti ya bluu. Nilidhani atapiga kelele. Alipofungua kinywa, sauti ilitoka ndogo.

"Kwa hiyo hukutaka niende."

"Sikutaka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Kule nilikuwa nalala nikijiambia wote wawili wamekubali," shangazi akasema. "Nikawa najiuliza nilikosa nini. Nilijiuliza mpaka nikakua. Halafu nikaikumbuka siku ile hapa uwanjani, nikasema, la, watu wanaopendana vile hawawezi kufanya jambo baya. Nikaishikilia hiyo."

"Najua. Ndiyo maana sikukwambia."

"Ungeniambia, mama."

"Ningekwambia," bibi akasema. "Na siku ile ningesema."

Shangazi akaliachia kombe. Akazunguka meza, akavuta kiti kilichokuwa karibu, akakaa mbele ya mama yake, magoti yao yakigusana. Hakutafuta leso. Machozi yalikuwa yanashuka yenyewe na hakuyajali.

"Basi sema sasa," akasema. "Nisikie."

"Niseme nini?"

"Ulichotaka kusema siku ile. Niko hapa. Sema."

Bibi akavua miwani, akaiweka mapajani. Akamshika mwanawe mashavu kwa mikono yote miwili, akavuta pumzi, na akasema kwa sauti ambayo veranda nzima iliisikia:

"Mtoto wangu haendi popote."

Shangazi akafumba macho.

"Haya, mama," akasema. "Siendi."